Kanzu Nyeupe na Cheni ya Babu

Siku hiyo mjinga alikuwa Shamsi, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta kule mashamba ya Kidichi akiwanusisha wageni mdalasini, muulize tu. Atakusimulia yote, mradi umwahidi hutomcheka. Wewe mwahidi. Kucheka utacheka.

Mambo yalianza na baskeli ya babu yake. Marehemu Mzee Jaku aliipanda miaka arobaini, kila Ijumaa, kutoka jumba lao la Michenzani hadi msikiti wake kule Mji Mkongwe, kanzu nyeupe mwilini, na hakurudi hata siku moja na doa jeusi. Na baskeli yenyewe haina kava ya cheni, ilidondoka zamani. Siri yake ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya alasiri mzee aliipindua baskeli magurudumu juu, pale kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, akaikosha cheni kama anayemkosha mtoto mchanga.

Alipofariki, baskeli ikabaki miaka mitatu imeegemea ukuta inaota kutu, na wajukuu wawili wanaitolea macho. Shamsi aliitaka kwa sababu kutoka anaposhushwa na gari hadi kwenye shamba la viungo anakotembeza wageni ni nusu saa kwa miguu, na mwenye shamba keshamwambia: chelewa tena mara moja tu, wageni wako nampa mwengine. Binamu yake Wanu, fundi cherehani, aliitaka ya kupelekea wateja nguo, maana amechoka kuzibeba kichwani juani.

Bibi yao, Bi Sichana, hakutaka ugomvi. Au tuseme aliutaka, ila uwe na utaratibu.

"Mume wangu," alimwambia Shamsi, maana bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa utani, "wewe mkubwa, anza wewe. Alhamisi utaisafisha cheni hapa hapa nyumbani, kwa mkono wako. Ijumaa utavaa kanzu nyeupe, uende msikitini kwa babu yako, urudi. Ukirudi huna doa jeusi, baskeli yako. Ukirudi nalo, ya mke mwenzangu."

Mke mwenza ndiye Wanu, aliyekuwa kwenye cherehani yake na pini mdomoni. Akazitoa.

"Cheni unaijua lakini?"

"Cheni kitu gani? Chuma na mafuta."

"Tone moja kwenye kila kiungo, kisha ufute mafuta yote yanayoonekana kwa nje. Babu alinionesha."

"Nitie halafu nifute? Nyinyi mafundi nguo mna mambo! Kashone, bibie."

Tusimdhulumu, Alhamisi ile Shamsi alifanya kazi. Alitandika gazeti, akatia mafuta ya taa kwenye kopo, akachukua mswaki mkuukuu akasugua kiungo kimoja kimoja. Meno ya gia akayasugua kwa kumbi la nazi, na katikati yake akapitisha utepe wa kanga chakavu, huku na huku, mpaka uchafu wa miaka mitatu ukatoka mweusi kama lami. Saa mbili nzima kichwa kimeinamia kopo. Cheni ikang'aa hata yeye akaionea haya.

Ndipo alipogundua kuwa hana mafuta ya kuilainisha.

Mafuta ya cherehani yalikuwa kwa Wanu, kwenye kichupa chake chenye mdomo mwembamba, hatua nne tu. Lakini Shamsi akamwombe Wanu? Baada ya maneno yale? Bora ailambe cheni kwa ulimi wake. Akaingia jikoni, na kwenye kona akaona chupa ya plastiki, nusu imejaa kitu kizito cha rangi ya asali. Akakinusa. Hakusikia harufu yoyote isipokuwa mafuta ya taa yaliyomjaa puani tangu alasiri. Na huyu ndiye mtu anayelipwa kwa pua yake.

Hakutia tone. Alimimina. Akazungusha pedali, cheni ikapita kimya kama nyoka. Kufuta hakufuta.

"Mafuta umepata?" Wanu akauliza kutoka ndani.

"Nshapata zamani!"

Ijumaa akatoka kama bwana harusi. Kanzu imepigwa pasi hata mikunjo inakata, kofia imekaa upande kidogo. Wengine hupandisha kanzu magotini wakiendesha. Shamsi aliiachia, imwagike, watu waone. Akapita Darajani akitoa salamu ambazo hakuna aliyemwomba. Baskeli akaiegemeza ukutani nje ya msikiti, juani, akaingia.

Alipotoka, alikuta watu wamezunguka baskeli, wengine wanafuta machozi kwa kucheka. Paka wa kijivu amesimama kwa miguu ya nyuma, anailamba cheni, kiungo kimoja kimoja, kwa utaratibu kushinda Shamsi mwenyewe. Mwengine amelala juu ya pedali. Wanne wanangoja zamu.

"Shamsi," akasema Mzee Khatib, aliyekuwa rafiki wa babu yake, "baskeli hii inapandwa au inapakuliwa?"

Jua lilikuwa limeshaipasha moto ile cheni, na pua ya Shamsi sasa ilikuwa safi. Thomu. Tangawizi. Ndimu. Bizari. Akainama akatazama kanzu yake: kuanzia gotini hadi pindoni, mistari ya manjano kama mtoto aliyemwagikiwa na mchuzi.

Moyo ukamshuka, kisha ukapanda tena. Manjano! Si nyeusi!

Akarudi mbio, paka nyuma. Watano walimwacha Darajani. Mmoja, yule wa kijivu, alipanda naye ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Bi Sichana alikuwa mlangoni, sahani ya changu wabichi mkononi, washatiwa viungo. "Chupa yangu ya mafuta ya kukaangia samaki nani kaichukua?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na huyo mwenzio?"

"Mwache huyo. Bibi, sharti lilikuwa doa jeusi. Nitazame. Jeusi liko wapi?"

Wanu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. "Bizari hiyo haitoki, hata ufue mpaka Ramadhani."

"Sikuulizwa kama inatoka! Maneno ni maneno. Nimeshinda."

Bi Sichana akaweka sahani juu ya kabati, mbali na paka. Akafungua pindo la kanga yake taratibu, akatoa ufunguo wa kufuli la baskeli. Shamsi akanyosha mkono. Ufunguo ukapita juu ya mkono wake, ukatua kwenye kiganja cha Wanu.

"Bibi! Kosa langu nini? Cheni safi, hailii, doa jeusi sina! Nimekosea wapi?"

Bi Sichana akamtazama paka, akawatazama changu wake wabichi, kisha akamgeukia yeye.

"Mume wangu, mimi nilikwambia uisafishe. Kuikaanga kakutuma nani?"