Barafu Kwenye Chai ya Bu Warsinah

Kufikia nyumba ya nne nilishajua kuwa nadanganywa. Ofisi ilinituma kukagua nani bado anastahili umeme wa ruzuku, na swali la tisa kwenye fomu liliuliza kama nyumbani kuna friji. Kwa joto lile la mji wa Klaten, mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo.

Bu Warsinah, mjane wa makamo niliyemwita Bu, yaani Mama, kwa heshima, alinipokea kwa tabasamu la mdomoni tu. Alitaka kujua nimetumwa na nani, na kwa nini naandika kabla hajajibu. Jikoni kwake sakafu ilikuwa na alama ya mraba, safi kuliko kwingine kote. Niliona haya kuitazama, lakini nikaitazama.

Kisha akaleta chai, maana kwetu mgeni haketi mbele ya meza tupu. Alipoiweka, vipande vya barafu viligongana ndani ya glasi.

Tuliitazama sote wawili.

"Barafu ni ya jirani," alisema.

"Jirani ameniambia hana friji, Bu."

"Basi huyo ni mwongo."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka.

"Ningekupa ya moto mchana huu, Mbak, ungeenda kunitangaza mchoyo," alisema, akiniita Mbak, yaani dada.

Akaeleza polepole, akipima uso wangu. Friji ilikuwa imefichwa kwa dada yake. Humo hugandisha uji wa choroko uwe barafu ya kulamba, anawauzia wanafunzi. Bei ya umeme ikipanda, ataizima. Akiizima, hana kazi. Chuoni niliandika kurasa themanini kwamba ruzuku inawanufaisha wenye uwezo na serikali haiwezi kuibeba milele. Bado naamini hivyo. Lakini fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana.

Nikatia alama kwenye ndiyo. Pembeni nikaandika: ya biashara, ndiyo riziki yake yote. Nikamsomea.

Alinipokonya karatasi, akatafuta miwani, akafuata kila neno kwa kidole kama anayetarajia kunikamata.

"Haya ya pembeni, huko ofisini nani anayasoma?"

Nilitamani kumfariji.

"Sijui, Bu."

Kisha akaivuta kalamu kutoka mkononi mwangu, akasaini.

"Hilo nimeliamini," alisema. Hakusema kama mengine aliyaamini.