Tundu Dogo la Kisigino

Usiku wa jana niliota nimefika hospitali nikakuta miguu yangu imetangulia, imekaa kwenye benchi inanisubiri. Sikujiuliza nilitembeaje.

Mguu wa kulia ndio mgonjwa. Kano ya nyuma ya kisigino imevimba tangu masika. Wa kushoto ni mzima, na sasa ndio unaokanyaga cherehani peke yake. Mimi na mama tunakula kwa mguu huo.

Muuguzi, Sista Mbeyu, anachora alama ya kalamu kwenye kisigino cha kulia. "Daktari anafuata alama tu," anasema. "Hana habari nyingine."

Alipoondoka niliona miguu ina vumbi. Kwetu ni aibu kumpelekea daktari miguu michafu. Nikaiosha kwenye beseni, nikaisugua kwa jiwe. Wa kulia niliusugua kidogo kwa sababu uliuma. Nilipomaliza, maji yalikuwa meusi na alama haipo.

Benchi limekuwa kitanda cha upasuaji. Daktari Kimweri ni mrefu, amekunja shingo chini ya dari.

"Mguu upi?"

"Mimi," unasema wa kulia. "Sijalala miezi mingi."

Wa kushoto unacheka. "Muongo huyo. Anapenda kubebwa."

"Binti, wewe unasemaje?"

Naangalia sakafu. Mbele ya mwanamume nisiyemjua, sauti yangu hushuka tumboni.

"Basi huu unaong'aa," anasema daktari. "Umejiandaa."

Mguu wa kushoto unaacha kucheka.

Anatoboa tundu, dogo kama punje ya mchele. "Siku hizi hatupasui mguu mzima. Tunaingilia hapa." Anavua viatu, anapungua mpaka analingana na sindano, anaingia kichwa kwanza, na taa yake.

"Kano hii ni nyeupe kama uzi mpya," anaita kutoka ndani. "Binti, ndio mguu wenyewe huu?"

Nafungua mdomo. Sista ananitazama. Naufunga.

"Haya, nakwangua hivyo hivyo."

Kila akikwangua, nasikia cherehani yetu kule nyumbani ikipunguza mwendo. Halafu siisikii tena.

Sista ananipa sindano na uzi wa kijani, ule ninaoshonea sare za shule. "Si wewe ni fundi? Funga. Tundu likikaa wazi linaingiza uchafu."

"Daktari yumo," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Sijakusikia."

Sikurudia. Nikashona mshono mmoja, nikapiga fundo mara mbili kama ninavyopiga siku zote.

Niliamka kumekucha. Mama alikuwa anawasha jiko nje.

"Zawena, amka. Leo ndiyo siku yako ya hospitali. Na uoshe miguu, usinitie aibu."

Nikashusha mguu wa kulia. Uliuma kama kawaida. Nikashusha wa kushoto, ukakataa kunibeba, nikaanguka kando ya kitanda.

Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na mshono mmoja wa kijani. Fundo mara mbili.

"Mama," niliita, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Nikagusa uzi. Chini yake, kutoka ndani, mtu akapiga hodi.