Krenki Iliyokataa Kuimba

Mwaka tisini na mbili, nikiwa kidato cha tatu, nilirudishwa nyumbani Kasulu kwa majuma matatu kwa kosa ambalo barua ya mkuu wa shule ililiita "kuhujumu ratiba". Maana yake nilifungua ulimi wa kengele ya bweni nikauficha kwenye gunia la maharage, na wasichana mia mbili wakalala mpaka jua likawaamsha lenyewe. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya betri mbovu.

"Hapa gerejini hakuna kengele, Rosa," alisema. "Utaosha nati."

Alikosea. Kengele ilikuwepo.

Siku hizo Baba, Fundi Ndayikunda kwa mji mzima, alikuwa akiunda injini ya pikapu ya Venanti. Wafanyabiashara wa Kibondo walikuwa wametangaza mashindano ya kupanda mlima siku ya Saba Saba, na Venanti, dereva mwenye shingo fupi na maneno marefu, aliapa sokoni kwamba kikombe kitakuja Kasulu. Injini ile ilizoea kuchoka ikifika mizunguko elfu tano kwa dakika. Baba alitaka ifike elfu saba na irudi salama. Alipunguza mikono ya pistoni kwa tupa, akaipima mmoja mmoja kwenye mizani ya Mama ya dagaa ili ilingane. Hata hivyo, kila jioni alisema yote hayo ni bure bila krenki.

Krenki ni ule mhimili wa chuma uliopindapinda ndani ya injini: pistoni zinapanda na kushuka, wenyewe unazunguka. Ya Baba ilikuwa kuukuu yenye mikwaruzo, lakini ya chuma kilichofuliwa, si cha kumiminwa kwenye kalibu.

"Cha kumiminwa ni muhogo," Baba alinifundisha. "Kinakatika bila kukuaga. Cha kufuliwa kinavumilia, hata ukikichonga kikapungua."

Aliyeichonga upya kuondoa mikwaruzo ni Mzee Tharsisi, mtu wa mashine katika karakana moja ya Kigoma. Yeye na Baba walivuka mpaka pamoja wakiwa wakimbizi, kwa miguu, mwaka sabini na mbili, wakapitia Munanila, wakila kwenye sufuria moja. Krenki hakuituma kwa kondakta. Aliileta mwenyewe kwa basi, imepakwa grisi, imefungwa gunia, imelala mapajani kama kichanga.

"Pitisha ukucha hapa, mwananje," aliniambia, akinionyesha pale shingo ya krenki inapokutana na bega lake. "Unasikia kona?"

"Sisikii kona, Mzee."

"Ego, ndiyo hivyo! Kona ikiwa kali, ufa unaanzia hapo. Mimi naiacha duara, kama kiwiko cha mtoto."

Kisha ilibaki ibada. Baba yake Baba alikuwa mhunzi, na ndiye aliyemfundisha kwamba chuma hakidanganyi kikining'inizwa. Krenki ilifungwa waya ikatundikwa kwenye boriti. Kabla ya kufunga injini yoyote Baba huvua kofia, hufumba macho, huigonga mara tatu kwa nyundo ndogo. Nzima huimba, ngeeee, mpaka usahau ulikuwa unasubiri nini. Yenye ufa husema dup. Ibada ile ilikosa ubani tu, nami mbele ya ibada vidole huniwasha. Wazee walipokwenda kunywa chai, nilikata kipande cha mpira wa tyubu nikakishindilia katikati ya mabega mawili ya krenki, kwa nyuma, kwenye grisi, pasipoonekana. Mpango wangu ulikuwa mtukufu: Baba angegonga, ingesema dup, ningechomoa mpira na kutamka "Amina", na wazee wangecheka mpaka chai iwatoke puani.

Baba alivua kofia. Akafumba macho.

Dup.

Akagonga tena. Dup. Hakugonga ya tatu. Alifumbua macho, na badala ya kuitazama krenki akamtazama Mzee Tharsisi.

"Umenipasulia krenki."

"Mimi?"

"Ilitoka hapa ikiimba. Uliisikia mwenyewe ulipokuja kuichukua."

Mzee Tharsisi alichukua nyundo mkononi mwa Baba, akagonga. Dup. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Nilifungua mdomo, lakini akanitangulia.

"Labda ni maji," alisema kwa sauti ndogo. "Labda maji ya mashine yalikatika, jiwe la kuchongea likapata moto, nisione. Macho yangu, Baba Rosa... Vijana wa karakana walikwisha kuniambia."

Mtu anapokiri kosa ambalo hakulitenda, mzaha unakwisha. Mimi niliyeficha ulimi wa kengele niliutafuta wa kwangu nisiupate. Baba angeweza kusema neno jema, akasema, "Walikuambia kweli." Mzee Tharsisi aliishusha krenki, akaitia gunia, na mpira wangu humo humo. Alisema atarudisha funguo za mashine Kigoma kisha aende kukaa kwa binti yake Kibondo. Chai yake iliota utando.

Siku tisa zilizofuata niliosha nati kwa bidii iliyomtisha Mama. Baba alitoa krenki nyingine kwenye injini mbovu, ya kumiminwa, akaifunga bila ibada.

"Usivuke elfu tano," alimwonya Venanti. "Unanisikia? Huu ni muhogo."

"Nimekusikia, Fundi. Elfu tano."

Kibondo watu walijaa pande zote mbili za mlima. Venanti alianza kwa adabu. Lakini gari la mbele lilimrushia vumbi, vijana wakaanza kumzomea, na tukasikia injini ikipanda, elfu tano, elfu sita, ikilia kama mtoto anayeogeshwa maji baridi. Kisha ikasema krak. Mafuta meusi yalitiririka barabarani. Venanti alitoka mzima, mikono kichwani.

"Fundi wa Kasulu!" mmoja alipaza sauti. "Hiyo injini au mashine ya kukoboa mahindi?"

"Mahindi yenyewe yangegoma!" akadakia mwingine.

Baba alisimama katikati ya kicheko kile, kofia mkononi. Aliyetoka kwenye umati na kamba ya kuvutia gari alikuwa Mzee Tharsisi, na gunia begani.

"Kosa langu," Baba alisema. "Nilijua ni muhogo nikaifunga."

"Hapana, langu. Ningeitazama vizuri krenki yako, usingefunga muhogo."

"Langu, nakuambia."

Walinyang'anyana kosa langu kama watu wanaogombea kulipa chai. Kisha Mzee akanigeukia, akatoa kitu mfukoni, akanitilia kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake.

"Gunia nimelifungua leo asubuhi," alisema polepole, Baba asisikie. "Siku zote hizi niliogopa kuitazama. Nadhani hiki ni chako."

Angeweza kupiga kelele, nami ningeshukuru. Alikwenda kufunga kamba.

Nilimfuata Baba, nikafungua kiganja, nikasema. Yote, pamoja na ile "Amina". Baba alikitia kipande cha mpira mfukoni. Alilichukua gunia, akaitundika krenki kwenye bomba la juu la bodi ya pikapu, akagonga. Iliimba. Wale vijana wenye vicheko waligeuka kuangalia kanisa liko wapi.

"Tharsisi," Baba alisema, akamshika mkono.

"Funguo nilikwisha kurudisha," Mzee alimjibu. "Niliwaambia mwenyewe kwamba mikono yangu haifai tena. Jumatatu nakwenda Kigoma kuziomba." Akanitazama. "Na huyu tutakwenda naye. Ataeleza."

"Kwa mkuu wa karakana, Mzee?" niliuliza.

"Kwa mkuu. Na kwa wale vijana wote. Wako kumi na wanne."