Namba Tisa

Mchana, cherehani zilipopoa, mafundi walipanga kikosi cha magwiji wa zamani kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Wachezaji kumi walikubaliwa. Ugomvi ukabaki kwenye namba tisa.

Fundi mkuu akachukua chaki, akaandika jina la mshona vifungo, yule aliyekaa pale pale pembeni yao.

Wakaangua kicheko. "Huyu aliyecheza msimu mmoja tu? Mzee, umeanza kuota mchana kweupe!"

Fundi mkuu hakucheka. Msimu huo yeye alikuwa mshika kibendera. Siku ya fainali, mawakala wa timu kubwa walijaa jukwaani kumtazama mshona vifungo, enzi hizo kijana. Pasi ilipopigwa, macho ya mshika kibendera yalikuwa kwa binti mmoja wa gauni la njano, ambaye hata jina hakuwahi kumjua. Aliposhtuka, wavu ulikuwa unatikisika. Akanyoosha kibendera kwa kubahatisha tu. Bao likakataliwa, mawakala wakaenda zao.

Na leo alitaka kulirudisha bao lile kwa chaki, mtu mzima na mvi zake!

Mshona vifungo akaokota kitambaa, akalifuta jina lake taratibu.

"Niache, mzee wangu. Siku ile niliotea, na wewe mwenyewe uliniona. Hata wanangu nawaambia kila siku, msiwe na pupa kama baba yenu."

Fundi mkuu akaiweka chaki chini, akainama, akaanza kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.