Nimekuja Kukaa

Siku ambayo ukoo ulipanga kumjadili Wangare ndiyo siku aliyoamua kwenda ziwani.

Hakuwa mtu wa kutembeatembea. Tangu aolewe na Kang'ethe na kuhamia Dundori, safari zake zote zilikuwa za kuzika mtu, kuuguza mtu, au kumsaidia mtu aliyejifungua. Hata Nakuru alienda kununua mbegu tu, na jioni ng'ombe walimkuta zizini. Kang'ethe alipofariki, watu walisema shamba litamshinda mwanamke huyu. Halikumshinda. Alipanda viazi kwenye baridi ile ya milimani, akauza maziwa, akamsomesha mwanawe Maina mpaka akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini.

Shida ilianza mke wa Maina alipojifungua tena. Maina alizungumza na Mwaura, mdogo wake marehemu Kang'ethe, na wawili hao wakakubaliana: Wangare ahamie Nakuru kulea wajukuu, shamba likodishwe kwa mkulima mmoja mkubwa wa Mau Narok. Hawakumwambia. Alizipata habari hizo nje ya kanisa, kwa mwanamke aliyemshika mkono kwa furaha.

"Mama Maina, hongera! Naskia unahamia kwa kijana wako. Sasa utapumzika."

Wangare alitabasamu ili asiulizwe zaidi.

Juma hilo Mwaura akapiga simu. "Jumamosi tutakuja hapo kwako na wazee, tukae chini kama familia. Utuandalie kitu, hata mbuzi mmoja hivi."

"Mnakuja kuongea nini, Baba Cate?"

"Utajua siku hiyo."

"Sawa," Wangare alisema, akakata simu. Alisimama pale uani akiangalia mawingu yakishuka juu ya mashamba. Watamla mbuzi wake, wanywe chai yake, kisha wamwambie atakakoishi. Na yeye atakuwa jikoni akiosha vikombe.

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye viazi, alimwachia Micah, mfanyakazi wake, ufunguo na maagizo ya ng'ombe. Akavaa gauni la kanisani, akachukua begi, akaondoka. Alikuwa amesikia wanawake wa chama chao cha akiba wakisimulia juu ya Kampi ya Samaki, mji mdogo wa zamani kando ya Ziwa Baringo, ambako mtu anaweza kukaa tu akaangalia maji.

Joto lilimpokea kama mlango wa jiko uliofunguliwa. Huko kwao mtu hulala na blanketi mbili. Hapa mbuzi walikuwa wameng'ang'ania kivuli cha ukuta na hawakutaka kusukumwa. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, maduka yenye mabati yaliyochoka, na mwisho wake ziwa, jekundu kama chai ya maziwa iliyokolea majani. Miti iliyokufa ilisimama ndani ya maji. Barabara iliteremka moja kwa moja mpaka ziwani na kuzama humo, kana kwamba walioijenga walikuwa na shughuli huko chini.

Nyumba ya wageni aliyoelekezwa ilikuwa juu kidogo ya ufuo. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu wa rika lake, aliyejitambulisha kuwa Chesang. Alimtazama Wangare, gauni lake na begi lake.

"Karibu, mama. Kuna mazishi ama semina?"

"Hakuna."

"Basi umekuja kuona mgonjwa?"

"Nimekuja kukaa," Wangare alisema.

Chesang alicheka, akampa chumba chenye dirisha la ziwani. "Wa aina yako huwa hatupati. Huja wazungu na watu wa Nairobi. Mama wa shamba, wewe ni wa kwanza."

Mchana ule walikaa barazani, Chesang akimwonyesha mji kwa kidole. Babu zao walikuwa wakivua hapa, akasema, kisha kukawa na kambi ya kupasua samaki na kuwakausha ili wapelekwe Nakuru, na jina likabaki. Baadaye wageni wakajenga nyumba nzuri ufuoni, wakapanda maua. Halafu ziwa likaanza kupanda. Mwaka baada ya mwaka lilikula ufuo, likala bustani, likaingia majumbani.

"Unaona lile paa pale, lenye ndege? Ile ndiyo ilikuwa nyumba yangu ya kwanza. Kiboko analala sebuleni."

"Woi! Na ukafanya nini?"

"Nikajenga ingine juu. Nayo maji ikafuata. Watu wakakuja na magari wakatuambia, hameni, mwende mbali, hapa pameisha. Mimi nikasogea tu kidogo, mpaka hapa. Ikifika hapa, nitasogea tena. Lakini siwezi enda mbali. Nitaenda kuwa nani huko?"

Wangare alikuwa anaangalia ndege mweupe akitua kwenye bomba la moshi la nyumba isiyo na watu.

Simu ikalia. Ilikuwa Maina.

"Mum, uko wapi? Wazee wamefika. Tumepata Micah peke yake. Hata chai hakuna!"

"Majani iko kwa kabati. Maziwa iko kwa sufuria ya bluu."

"Mum!"

"Niko Kampi ya Samaki. Sijatoroka, sijapotea, na si mgonjwa. Niko likizo."

Maina alikuwa kama aliyeambiwa neno la lugha nyingine. "Likizo ya nini?"

"Wewe hufunga duka Krismasi ukaenda Mombasa. Hiyo huwa ya nini?" Kisha akaongeza kwa upole, "Waambie wazee wakimaliza kuongea wafunge lango, ng'ombe wasitoke."

Aliiweka simu mezani kifudifudi. Chesang alienda ndani akaleta kambare wa kukaanga na ugali. Wangare hakuwa amezoea samaki. Kwao mlimani samaki ni chakula cha kusikia. Alianza kwa uangalifu, akichokoa kwa ncha za vidole. Mwishowe alikuwa analamba vidole na kuuliza kama kuna mwingine.

Kesho yake asubuhi mwendesha boti mmoja, Kigen, alimpeleka ziwani. Wangare alishikilia ubao kwa mikono miwili na kuomba kimoyomoyo. Walipita juu ya bustani za zamani, wakapita kando ya mtende uliokufa ukiwa umesimama. Kisha Kigen akazima injini, akapiga mluzi mrefu akiangalia mti wa mbali, akarusha samaki mdogo majini.

"Angalia, mathe."

Tai alitoka mtini. Alikuja chini chini juu ya maji, mabawa yakiwa yametandazwa, akamkwapua samaki bila kulowa, akapanda tena. Wangare alipiga kelele kama msichana. Alimwambia Kigen arudie. Kigen akarudia mpaka samaki wakaisha, na mama wa Dundori akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.

Waliporudi ufuoni, gari la Maina lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya wageni. Maina alisimama kando yake akijipepea kwa mkono. Mwaura alikuwa amekaa barazani ndani ya koti lake zito la mzee wa kanisa, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Leo ni Jumapili, Baba Cate," Wangare alisema, akimpa mkono. "Umeacha kanisa kwa ajili yangu?"

"Umetuaibisha," Mwaura alisema. "Wazee wamekaa kwako bila hata maji. Mjane mzima, unaonekana kwa boti, kichwa wazi, unacheka na vijana. Ingia kwa gari twende. Mambo yako yanangoja."

"Hayo mambo yangu ni gani?"

Mwaura alimtazama Maina, na Maina akatazama viatu vyake.

"Tumeonelea," Mwaura akaanza, na sauti yake ikawa ya kikao, "kwamba umefanya kazi ya kutosha. Umri umesonga. Utaenda Nakuru kwa kijana wako, utunzwe. Shamba litashikwa na mtu ambaye ana mashine. Ni kwa faida yako."

Wangare alikaa kwenye kiti, akafunga kitambaa chake vizuri, bila haraka.

"Maina."

"Mum."

"Uliwahi kuniuliza?"

Maina alitikisa kichwa.

"Basi niulize sasa. Niko hapa."

Maina alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Wangare aliliona hilo, na likamuuma, lakini alingoja.

"Mum... utakuja kukaa na sisi Nakuru?"

"Hapana."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ungeniuliza mwezi uliopita, ungejibiwa mwezi uliopita. Nawapenda hao watoto. Shule ikifungwa waleteni Dundori, watakunywa maziwa na kuchafuka. Mkishikwa na kazi, nitakuja niwasaidie wiki moja, nirudi kwangu. Lakini shamba langu sihami, na halikodishwi. Lina jina langu. Hilo mnalijua wote wawili."

Mwaura aliinuka. "Mke wa ndugu yangu hawezi kunijibu hivyo hotelini, mbele ya watu!"

"Ningekujibu nyumbani, lakini nyumbani ungenipata jikoni."

Chesang, aliyekuwa mlangoni na sahani, aligeuka upesi akaangalia ukuta.

"Kang'ethe angekuwa hai..." Mwaura alianza.

"Kang'ethe angekuwa hai ungemwambia akodishe shamba akalee watoto?"

Mwaura alivuta koti lake, akasema neno ambalo watu wa kwao hulisema wanapoishiwa na mengine. "Sawa. Tutaona siku ukifa ni nani atakuzika."

Maina aliinua uso. "Uncle, hapana. Usiseme hivyo."

"Mwache," Wangare alisema. Alimtazama shemeji yake machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya ndoa yake. "Siku hiyo ikifika sitakuwa na neno, mtanifanyia mnavyotaka. Leo ninalo."

Mwaura alienda akakaa ndani ya gari na kufunga mlango kwa kishindo. Maina alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo.

"Mum, si ubaya," alisema hatimaye. "Nimechoka tu. Mtoto halali, mke wangu anarudi kazini, msichana wa kazi ametuacha. Uncle aliposema kuna njia ya kusaidia kila mtu, nilikubali. Sikufikiria."

"Najua umechoka. Mimi pia nilichoka nikiwa na wewe mgongoni na jembe mkononi. Sikumhamisha mtu." Akamvutia kiti. "Kaa chini ule."

Chesang alileta samaki. Maina alikula, kisha akaanza kuuliza juu ya yale mapaa majini, na Chesang akamsimulia habari za kiboko na sebule. Haikupita muda mlango wa gari ukafunguka. Gari lile lililokuwa juani halikukalika. Mwaura alirudi barazani, koti likiwa mkononi, akachagua kiti cha pembeni kabisa na kuwapa mgongo. Chesang alimpelekea maji baridi. Aliyanywa yote. Alipopelekewa samaki, alisema hatakula. Lakini sahani ilipoondolewa baadaye ilikuwa na mifupa.

Jioni ilipokaribia walijiandaa kuondoka. Maina alimkumbatia mama yake. "Unarudi lini?"

"Likizo yangu ikiisha."

Mwaura hakuaga.

Wangare alikaa Kampi ya Samaki hadi katikati ya juma, kama alivyokuwa amepanga tangu mwanzo. Alirudi akakuta Micah ameshinda vizuri na ng'ombe, na mtu wa Mau Narok amekwisha kutafuta shamba mahali pengine. Mvua zilipokuja alipanda viazi kama kawaida.

Haikuwa bure. Mwaura aliacha kumsalimia. Binti yake Cate alipofanyiwa ruracio, sherehe ya mahari, na watu wa mkwe wakaja na nyimbo na mizigo, Wangare hakualikwa, ingawa kelele za furaha zilimfikia shambani akiwa anapalilia. Siku hiyo alilia kidogo, akajipangusa kwa kiganja chenye udongo, akaendelea na mstari wake. Kanisani wengine walimwita mama wa boti. Alipowasikia aligeuka akawaambia ndiyo, ni yeye.

Agosti Maina aliwaleta watoto. Walichafuka kweli.

Halafu siku moja, jua likiwa limetoka kidogo, mke wa Mwaura alikuja hadi kwenye ua wa miiba ya kei-apple unaotenganisha mashamba yao. Alikuwa na kikapu cha sukumawiki, lakini hakuwa anaenda sokoni. Siku ya soko ilikuwa imepita. Alisimama hapo akipangapanga majani ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

"Mama Maina."

"Mama Cate. Karibu."

"Hapana, sikai." Aliangalia nyuma, upande wa nyumba yake, kisha akashusha sauti. "Huko ziwani. Mtu huwa anaenda na nani?"

"Mtu huenda peke yake," Wangare alisema, akiegemeza jembe kwenye ua. "Ama twende wote."