Mgeni Hakuhudhuria

Wateja wa simu wote ni waongo. Simu imezama kwenye ndoo, maji bado yanachuruzika kwenye tundu la chaji, naye anakutazama usoni bila haya anakwambia imejizima tu yenyewe. Miaka tisa nimekaa kwenye kibanda hiki nikisikiliza hayo, na nimekuwa mkali. Watu wanasema nina mdomo. Sikatai.

Baba ndiye aliyenibandika jina la Bisibisi, nikiwa msichana wa darasa la tatu, baada ya kuifungua redio yake na kushindwa kuirudisha. Jina likaganda. Mama akawa Mama Bisibisi, yeye mwenyewe Baba Bisibisi, na mtaa mzima ukasahau kama tuna majina mengine. Baba alikuwa fundi bomba, Mama anashona sare za shule, mimi natengeneza simu. Nyumba ya mafundi watatu, na bomba la jikoni linavuja. Mama alimwambia hivyo kila mgeni aliyekuja, na Baba alikuwa anajifanya hasikii.

Mwaka jana Baba alishikwa na kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi sita. Mwezi wa tatu akajiona mzima, akaziacha kimyakimya. Kila asubuhi alikuwa anavichukua vidonge vya siku hiyo akidai atavimeza kazini baada ya kula. Mama alikuja kuvikuta kwenye begi lake la kazi, vimeviringishwa kwenye gazeti katikati ya spana. Hakumuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja zahanati akamwambia mhudumu wa afya. Makohozi yalipopimwa, ugonjwa ulikuwa umerudi, tena ule sugu usiosikia dawa za kawaida. Gari likaja mchana kweupe, wakashuka watu wawili wenye barakoa, majirani wakajaa milangoni mwao kutazama.

Baba alipanda gari bila kuaga. Kabla ya kupanda, alipofika aliposimama Mama, alisema neno moja tu: "Umeniuza."

Walimpeleka kwenye hospitali ya wagonjwa wa aina hiyo, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Mgeni haingii wodini na mgonjwa haruhusiwi kukaa na simu. Miezi miwili hatukusikia sauti yake. Ukipiga ofisini unaambiwa anaendelea vizuri, basi. Mama alishona sare usiku na mchana, na nikimpelekea chakula ananiambia ameshakula, nami naiona sahani ya mchana imefunikwa vile vile. Alikuwa anarudia jambo moja: kwamba angepata dakika moja tu ya kumwona, angemwambia hakumuuza, alimwogopea.

Halafu ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Hospitali ilikuwa imeanzisha utaratibu wa wagonjwa kuonana na watu wao kwa video, kwenye tableti inayoshikwa na nesi. Kila mgonjwa anachagua mtu mmoja. Unaweka programu ya hospitali kwenye simu yako, unaingiza namba, basi unapata dakika kumi, Jumanne na Ijumaa, saa kumi kamili.

Mama alikuja kibandani na futi ya kitambaa bado iko shingoni. "Kanichagua mimi," akasema. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu siku ya lile gari.

Simu yake ilikuwa kuukuu na imejaa pomoni. Programu ikagoma kuingia kwa kukosa nafasi. Nikamwambia tufute picha, akaikumbatia simu kifuani. Zilikuwa picha za Baba. Nikamwambia sawa, niachie, nikafanya ninachofanyaga kwa simu zote za aina ile.

Hapa inabidi nieleze, maana ndipo penyewe. Programu nyingi, ukiziona zimependeza, ni fremu tu. Hiyo ya hospitali ilikuwa na nembo juu na vitufe vitatu chini. Katikati ndipo panapotokea ukurasa wa mtandao wa hospitali, na kazi ya kuuchora ukurasa huo haifanywi na programu. Inafanywa na kidude kimoja kilichomo ndani ya mfumo wa simu, ambacho programu zote hukiazima. Hakina alama kwenye skrini wala hakifunguki ukikigusa. Ukikikuta kwenye orodha unaona jina geni na ukubwa wa nafasi kinayokula, na kila kikisasishwa kinanenepa. Mimi nilikuwa nakijua na kukidharau. Kwenye simu zilizojaa nilikuwa nakiondolea masasisho yote, nakirudisha kilivyotoka kiwandani, kisha nakizuia kisijisasishe tena. Simu inapata nafasi, mteja anashukuru, mimi naitwa fundi.

Basi nikakifanyia hivyo kwenye simu ya Mama. Programu ya hospitali ikaingia bila taabu. Niliifungua kuijaribu: nembo ipo, vitufe vipo, katikati peupe. Nikamwambia peupe ni kwa sababu muda haujafika. Nilikuwa na wateja wanne wamesimama.

Jumanne ya kwanza nilirudi nyumbani nikamkuta Mama amekaa kwenye kiti cha Baba. Amevaa gauni lake la kutokea na nywele amezisuka upya.

"Vipi, mmeonana?"

"Hakuja."

"Hakuja vipi?"

"Hakuja, mwanangu. Labda amechoka."

Ijumaa hakuja. Jumanne nyingine hakuja. Mama hakuniambia kwamba alikuwa anaona weupe mtupu. Kwake yeye ule weupe ndio ulikuwa jibu: mlango umefunguka, na mwenyewe amekataa kutokea. Alipiga ofisini mara moja kuuliza, karani akamjibu kwamba mgonjwa halazimishwi kuonana na mtu. Akakata simu, akaniambia, "Umesikia? Halazimishwi." Hakupiga tena. Lakini siku ikifika, saa tisa na nusu anafunika cherehani, ananawa uso, anakaa na kukitazama kioo cheupe mpaka dakika kumi zinapita.

Nami nikamkasirikia Baba. Nilimsema vibaya mbele ya Mama, nikasema ana roho ya jiwe, nikasema mtu aliyeacha dawa mwenyewe hana uso wa kumnunia aliyemwokoa. Mama alinisikiliza akiwa anakata uzi kwa meno. "Muache," akasema. "Ana haki yake." Wiki tatu zilikwenda hivyo, na gauni la kutokea likawa linampwaya.

Alhamisi ya wiki ile ya tatu alikuja mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, amefura.

"Tangu uisafishe hii simu, matokeo ya wanafunzi siyaoni. Programu inafunguka, ndani peupe."

"Mwalimu, utakuwa umebonyeza kitu."

"Sijabonyeza. Kabla ya kwako ilikuwa nzima. Kurasa za magazeti zinafunguka, hii haifunguki."

Tukabishana, na kwa kubishana ninasifika. Mwisho nikaichukua ili nimwoneshe kosa ni lake. Nikakagua mtandao, nikakagua programu, vyote vizima. Nikaenda kwenye kile kidude, nikakiruhusu kisasishwe. Nikafungua tena, majina ya wanafunzi yakatokea yote, safi, na alama zao. Kurasa nyepesi za zamani kilikuwa bado kinaziweza. Hizi mpya zilikuwa zimekishinda, na badala ya kusema kimeshindwa kilikuwa kinaonesha weupe.

Mwalimu alikuwa bado anaongea. Sikumsikia. Nilikumbuka katikati peupe kwenye simu ya Mama, na jinsi nilivyosema muda haujafika.

Nilifunga kibanda saa sita mchana nikaenda nyumbani karibu kukimbia. Mama alikuwa anatia vifungo. Nilimwomba simu, nikahamishia picha za Baba kwenye yangu, nikakisasisha kile kidude. Nikamwambia nimemtengenezea.

"Kwani ilikuwa mbovu?"

"Kidogo. Kuna kitu ndani kilikuwa kimepitwa."

Hakuuliza kilipitwaje. Nami nikajiambia nitamweleza wakishaonana, akiwa na furaha.

Ijumaa saa kumi nilikaa pembeni yake, nje ya jicho la kamera. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka kwa rangi ya kijani, una jina la Baba juu, na chini yake orodha ya miadi iliyopita. Mama akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma vipimo vya wateja. Jumanne: mgonjwa alihudhuria, mgeni hakuhudhuria. Ijumaa: mgonjwa alihudhuria, mgeni hakuhudhuria. Mistari ilikuwa mitano, yote inasema hivyo hivyo.

"Huyu mgeni ndiye mimi?" aliuliza.

Kabla sijajibu, nesi akatokea, barakoa mpaka chini ya macho. "Shikamoo mama. Leo tumekupata. Mzee huwa anatusumbua tumnyoe ndevu kila siku ya miadi." Kisha akashusha sauti. "Ila tangu jana amezidiwa. Asiongee sana."

Akaigeuza tableti. Baba alikuwa amelala kwenye mto mrefu na mpira wa oksijeni puani. Alikuwa amekonda hivi kwamba nilimtambua kwa masikio. Lakini kidevu kilikuwa kimenyolewa.

"Mama Bisibisi," akasema. Akavuta pumzi. "Hasira zimekwisha?"

"Sikuwa na hasira, mume wangu. Hata siku moja. Nilikuwa nakaa hapa hapa, kila saa kumi. Simu ndiyo ilikuwa haifungui, naona weupe mtupu. Nikadhani wewe ndiye hutaki."

Baba akamtazama. Kisha akatabasamu kidogo, kwa upole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa uongo wa kitoto.

"Na fundi wa simu unaye ndani ya nyumba," akasema.

"Haki ya Mungu, Baba Bisibisi. Nakwambia kweli."

"Si neno." Pumzi. "Ulikuwa na haki. Nilikutamkia neno baya mbele za watu. Hata ningekuwa mimi, nisingekuja."

"Nilikuja. Nisikilize, nilikuja zote."

"Si neno, mama. Nimeshasamehe."

Mama akanigeukia. Akanitazama. Mimi na kamera tulikuwa tumeachana shubiri mbili. Ningesogeza kichwa tu na kusema Baba, ni mimi, niliiharibu mimi, angeniamini; redio yake hakuisahau. Kwenye kona ya kioo dakika zilikuwa zinahesabiwa, zimebaki nne. Niliona aibu. Sina neno jingine la kuitia chumvi wala sukari. Niliona aibu ya ufundi wangu mbele ya baba yangu anayekata pumzi, nikaangalia zile tarakimu mpaka zikawa tatu, zikawa mbili. Mama akageuka tena kwake, akamwambia ale, akamwambia bomba la jikoni linamngoja. Baba alikuwa amefumba macho, bado anatabasamu. Ukurasa ukasema muda umekwisha, miadi ijayo Jumanne.

Nikajiapiza kwamba Jumanne nitaongea mimi kwanza, kabla ya salamu.

Walipiga simu Jumapili asubuhi. Niliipokea mimi.

Tulimzika Jumatano. Watu walipotawanyika, Mama alikaa siku mbili bila kugusa kazi, siku ya tatu akafunua cherehani kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, nikamweleza yote tangu mwanzo: kile kidude, nafasi niliyoitafuta, weupe niliouona nikaupuuza, yule mwalimu. Nililia mpaka nikashindwa kumalizia. Yeye alikuwa anapanga vipande vya shati, kola kwa kola.

"Nilijua," akasema. "Uliposema kidogo, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikugeukia. Ulidhani nilikuwa natafuta nini?"

Nikamwomba anisamehe.

"Mimi nikusamehe nini, mwanangu? Mimi nilijua kwamba nilikuja." Akaweka kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha kwa kiganja. "Yeye ndiye aliyekufa hajui."