Vibao Vinane vya Mlango wa Bi Paraska

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshuka treni katika mji mdogo wa Hlynohrad, nchini Ukraine, mji ambao sijawahi kuuona hata kwenye ramani. Nimevaa kandambili na shati langu jeupe lisilo na kifungo cha tatu, mkoba begani. Theluji inanifika magotini, ila haina baridi. Ni vuguvugu kama uji uliosahauliwa.

Mimi si mtu wa safari. Mimi ni yule aliyetolewa nje ya mikutano mitatu ya mtaa kwa kuuliza maswali. Naweza kukutajia kila mkubwa aliyewahi kutuahidi bomba la maji, kwa jina, kwa mwaka na kwa rangi ya gari lake.

Stesheni amesimama bibi mmoja. Amebeba mkate mkubwa wa mviringo juu ya kitambaa kilichotariziwa nyekundu na nyeusi, na katikati ya mkate kuna kibakuli cha chumvi.

"Shikamoo, bibi," nasema.

"Marahaba," anaitikia, kama mtu wa Korogwe. "Mimi Paraska, mwoka mikate. Wewe ni wa ngapi?"

"Wa ngapi wa nini?"

"Wa kututawala. Anayeshuka treni huletewa mkate na chumvi. Akimega, mji ni wake. Ndiyo sheria. Mega basi, mikono inaniuma."

"Ni wa tisa," unasema mkate, kwa sauti kavu. "Alianza Kaizari wa Austria. Akaja Tsar wa Urusi, hakukaa sana. Kaizari akarudi. Wakaja Wapolandi, Wasovieti, Wajerumani, Wasovieti tena. Mwisho hawa wenyewe. Kila mmoja alisema hafanani na aliyemtangulia, na wote wakanimega palepale. Kisha wageni wale wakaandika vitabuni kwamba mji uliwapokea kwa shangwe. Shangwe yenyewe ilikuwa mimi."

Nageuka kuitazama treni. Treni hakuna, kuna mlango. Tumeshafika kwa Bi Paraska. Mlango umepigiliwa vibao vinane vya jina la mtaa, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha chini yake, hata haufunguki tena.

"Kwa nini hamkung'oa vya zamani?"

"Kila amri iliagiza kibao kipigiliwe," anajibu karani wa majina, bwana mwembamba mwenye nyundo mkononi na misumari mdomoni. "Hakuna iliyoagiza king'olewe. Mimi nafuata maandishi, mheshimiwa."

"Odarka, mdogo wangu, yumo ndani," anasema Bi Paraska. "Tangu kibao cha nne. Kimebaki kitundu cha ufunguo, ndimo nampitishia makombo. Kibao cha tisa kitakiziba."

"Na cha nane si chenu wenyewe?"

"Chetu, na nakipenda sana. Nacho kina misumari."

"Mwambie asimege," inasema sauti kutoka kwenye kitundu. "Halafu mtu gani huyu, anakuja kututawala na kifungo hana?"

"Leyzer angemshonea," anasema Bi Paraska.

"Leyzer ni nani?" nauliza.

"Fundi cherehani. Myahudi, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alitushonea mji mzima, makoti ya harusi na ya maziko. Wakati wa kibao cha sita, cha Wajerumani, walimpeleka msituni na watu wake wote, hakurudi hata mmoja. Yeye hakuna aliyempigilia kibao."

Hapo hasira zikanipanda, nikaanza hotuba. Nikasema mimi si kama wale, mimi ni mtu wa watu. Nikiwa katikati ya maneno, karani akafungua mkoba wangu kwa heshima na kutoa kibao kipya, rangi haijakauka. Kimeandikwa: Mtaa wa Ndugu Zuberi Shekiondo.

Ndilo jina langu.

"Na huyu pia," unasema mkate.

Nautazama mkono wangu. Umeshafika kwenye mkate. Nina njaa, na lile jina limeandikwa vizuri, haki ya Mungu. Kwenye kitundu cha ufunguo kuna jicho la kijivu la Odarka. Halipepesi.

"Bibi," nasema taratibu, "kwetu mgeni hali peke yake huku wenyeji wanamtazama. Ita watu. Na chai iwepo."

"Anayemega anatawala," karani ananionya.

"Basi wamege wote."

Walikuja elfu nne, na chai kwenye ndoo. Walimega. Karani analia huku anaandika na kupigilia: Mtaa wa Hanna muuza maziwa, Mtaa wa Stepan mlevi, Mtaa wa yule mkunga mwenye mdomo. Mbao zinalia kuliko karani. Mwisho kikabaki kipande kimoja. Bi Paraska akakiweka kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani. Hatukuona mtu, ila kipande kilimegwa, kikachovywa chumvini, kikaisha.

"Andika," akamwambia karani.

Karani akaandika Mtaa wa Leyzer fundi cherehani, akapiga msumari mmoja. Ulitosha. Mlango ukaanguka na vibao vyake vyote.

Odarka akatoka akiukanyaga, akijikung'uta vumbi.

"Mmechelewa," akasema. "Chai imebaki?"

Nikaamka. Kumekucha. Mezani ipo barua ninayotakiwa kuipeleka leo kwa mtendaji, kuomba mtaa wetu ubadilishwe jina. Jina ninalopendekeza mmeshalisoma hapo juu.

Nikavaa shati jeupe niende. Kifungo cha tatu kipo. Kimeshonwa kwa uzi mweusi, fundo limefichwa kwa ndani, kazi ya mtu anayejua.

Nikakaa kitandani, nikalikata jina langu kwenye barua. Mtaani kwetu naye alikuwepo fundi, pale kona, aliyetushonea sare za shule sote mpaka walipokuja kumvunjia kibanda. Nakumbuka aliyetoa amri, nakumbuka mwaka, nakumbuka na rangi ya gari. Jina la fundi silikumbuki.

Natoka sasa hivi kwenda kuuliza, nyumba kwa nyumba.